Simu ya Toussaint

Asubuhi mtaani Kasenga, Laurette alikunywa uji huku amenuna. Kwa nini asinune? Simu ya nyumbani ilikuwa tena mikononi mwa kaka yake, Toussaint. Vidonge vya tramadoli, dawa ya maumivu inayolevya, vilimtesa kijana huyo muda mrefu, na sasa alikuwa anatibiwa. Kila siku Muuguzi Pudentienne alimpigia kwa video kutoka hospitali ya mbali, amwone akiweka dawa chini ya ulimi. Ilipokuwa ikiyeyuka, Toussaint hakuruhusiwa kusema, basi muuguzi alimsimulia vichekesho.

"Mama, nimekuwa wa kwanza darasani!" Laurette alisema.

"Ssss! Yaya yako iko na munganga," mama alinong'ona, akimwonyesha kaka yake na muuguzi kwenye simu.

Lo! Wivu ulimpanda. Aliyeharibu anabembelezwa, anayesoma ananyamazishwa!

Jioni umeme ulikatika, Laurette akatumwa kuchajisha simu kwenye kibanda cha Bonaventure chenye umeme wa jua. Asubuhi aliichukua, akaizima, akaificha ndani ya mkoba wa shule.

"Chaji haijajaa, Mama. Iko bado kwa Bonaventure," alidanganya, akaenda zake shuleni.

Aliporudi, alimkuta mama mlangoni, macho mekundu.

"Kule kibandani simu haipo. Nami sifungui kopo la dawa kama munganga haoni, ndivyo tulivyopatana. Toussaint alingoja, akatetemeka, akatoka sasa hivi kuelekea ziwani."

 Laurette alitoa simu mkobani, akaiwasha. Mara ikalia.

"Toussaint?" Sauti ya muuguzi ilikuwa na hofu.

"Ni minye, Laurette. Nilificha simu."

"Mumutafute sasa hivi. Mubebe dawa, na musikate simu."

Mama alinyakua kopo, wakakimbia hadi ziwani. Toussaint alikuwa ameketi peke yake kwenye mchanga, ngumi imefungwa.

"Toussaint, ni minye. Niko hapa," muuguzi alimwita kutoka kwenye simu.

Kijana alifungua ngumi polepole. Ndani mlikuwa na tramadoli aliyopewa na rafiki zake wa zamani. Hakuwa ameimeza bado.

"Nilizani umenichoka," alimwambia muuguzi, akalia.

"Hakukuchoka, yaya," Laurette alisema kwa kwikwi. "Ni minye. Nilikuonea wivu."

Mama alitupa vidonge vile majini, akampa Toussaint dawa yake mbele ya muuguzi. Kisha akamgeukia binti yake.

"Nilikuwa nakunyamazisha, nimekosa. Ukiona wivu, weye kuja kwangu, sema, hata unigombeze. Nitakusikiliza. Lakini usidanganye tena, mwanangu. Uongo wako wa leo nusura unifanye nizike mtoto."