Chai ya Maji ya Kitungwini

Boti ilikuwa imeshafunguliwa kamba ya mbele, na ya nyuma inafunguliwa, pale Kazija binti Nyange alipolipasua lile fungu la watu kwenye gati ya Mkoani, Pemba, kwa viwiko. Baibui lake lilikuwa na tope kavu kwenye pindo, mtandio wa rangi ya ndimu umeshamshuka mabegani, na mkononi ana dumu la lita tano.

"Wee kaka! Wee wa shati jeupe!"

Kijana aliyesimama mlangoni mwa boti akajitazama kifua, kama mtu aliyesahau alichovaa. "Mie?"

"Kuna mwengine? Pokea!"

Akamsukumia dumu juu ya maji, na kijana akalidaka kwa tumbo.

"Nini hii, dada? Asali?"

"Maji."

"Maji! Unguja maji yapo!"

"Haya ya kisima chetu, Kitungwini! Peleka ofisi ya Mradi wa Himili Pwani, waambie wanywe! Namba yangu iko hapo ubavuni!"

Boti ikajitenga na gati. Watu wakacheka, na Kazija akawasonya wote.

Dumu lile lilikuwa na kisa. Miaka mitatu nyuma walikuja wakubwa na magari saba, wakasimika bango refu kuliko nyumba ya Mzee Nyange: ukuta wa kuzuia maji ya bahari, mita mia nne, fedha za serikali na za wafadhili. Yakamwagwa mawe, gari kumi na moja. Kisha kimya. Bahari haijui kusoma bango. Kila bamvua, maji yakijaa kupita kiasi, iliingia bondeni, mpunga ukageuka mwekundu, ukafa umesimama. Mwaka wa tatu chumvi ikafika kisimani. Barua ziliandikwa na majibu yakaja, yote na neno moja: wananchi wajengewe uwezo wa *kuhimili* mabadiliko ya tabianchi. Neno hilo Kazija alilijua kabla yao. Ndilo aliloambiwa dada yake siku ya kuolewa, ahimili, naye akahimili mpaka akarudi kwao na jino pungufu.

Shangazi yake Mwanawema alikuwa keshamtafutia kazi za ndani Oman. Kilichomzuia ni lile bonde tu. Likipona, anabaki. Likifa, anakwenda.

Alasiri simu ikalia.

"Dumu lako limefika, Bi Kazija."

"Umempa nani?"

"Liko juu ya meza yangu."

"Kwani weye nani?"

"Mie ndo hao ofisi."

Kazija alikaa chini kwenye kizingiti. Kisha akacheka, hakutaka lakini akacheka. "Basi kunywa!"

"Nshakunywa. Funda moja. Nimeharisha."

Jina lake Hudhaifa, mzaliwa wa Konde, afisa tathmini, ana miezi miwili tu katika mradi. Akawa anapiga kila siku baada ya Magharibi.

"Umekula, laazizi?"

"Nani laazizi yako? Mie mkulima. Weye umekula?"

"Nimekula semina. Asubuhi semina, mchana semina. Leo tumejadili neno 'ustahimilivu' saa nne nzima."

"Na ukuta je?"

"Ukuta haukuwemo kwenye ratiba."

Alimpenda kwa hilo. Hakuwa akimficha.

Mwezi wa tisa akaja mwenyewe na futi ya kupimia, shati lake jeupe, viatu vinang'aa kama vya bwana harusi. Hatua ya nne bondeni akazama hadi magotini, mguu ukatoka na kiatu hakikutoka. Kazija, kanga kiunoni, akacheka mpaka akashika mbavu. Hapo ndipo Hudhaifa alipotoa simu akampiga picha.

"Futa hiyo!"

"Sifuti. Hii ndo dawa yangu ya ofisi."

Akapima, akaandika, akamwambia Mzee Nyange kwa adabu, "Mzee wangu, taarifa yangu itasema kweli. Ukuta haupo."

Mzee akamwambia, "Sema, mwanangu. Sisi tumeshasema, sauti imekauka."

Mwezi wa kumi na mbili sheha wa kijiji akagawa kalenda za mradi. Karatasi nzuri, nzito, inateleza. Ukurasa wa mwezi wa nne alikuwa Kazija mwenyewe, kinywa wazi kwa kicheko, mpunga uliokufa kando yake umekatwa kwenye picha usionekane. Chini imeandikwa: *Mkulima wa Kitungwini akifurahia mafanikio ya ukuta wa kuhimili maji ya bahari.*

"Hongera, Bi Mafanikio!" Jecha, jirani yao, alimpigia kelele toka barazani kwake. "Tuonyeshe na sie huo ukuta, tukaufurahie!"

Wapo waliosema amelipwa. Wapo waliosema amelala na mtu.

Kazija akampigia Hudhaifa. "Umeniuza kwa shilingi ngapi?"

"Kazija, wallahi—"

"Usimwingize Mungu! Kicheko changu mie umekitia kwenye kalenda ya wezi!"

"Niliambatisha picha kwenye taarifa, waone mpunga ulivyokufa. Niliandika ukuta haupo. Wameichukua picha, taarifa wameikalia."

"Na weye umekaa na wao?"

"Roho yangu, nifanyeje? Mie mdogo pale."

"Himili," Kazija akasema, akakata.

Hudhaifa alipiga tena mara arubaini, na Kazija hakupokea. Badala yake akampigia shangazi Mwanawema, akamwambia amshughulikie pasi ya kusafiria.

Mwezi wa pili likaja gari la mradi mpaka mlangoni. Kulikuwa na semina ya kufunga awamu ya kwanza, hotelini Chake Chake, na "mnufaika wa kwenye kalenda" alitakiwa atoe shukurani.

"Nenda," mama yake, Bi Bimkubwa, akamwambia. "Wape hizo shukurani zao."

Kazija akavaa baibui jipya alilolishona kwa safari ya Oman, akakaa ndani ya gari lenye baridi kama mochari, na njia nzima akawa anayapanga matusi yake, makubwa mbele na madogo nyuma.

Ukumbi ulijaa makoti. Kila kiti kina chupa ya maji ya dukani, kalamu, kitabu cha mafanikio ya mradi na mkoba wa nembo. Akapitishwa mlango wa jikoni, na huko akasimama ghafla. Chini ya meza ya Siti, mpishi wa kukodiwa, palikuwa na dumu la lita tano, ubavuni lina namba ya simu kwa mwandiko wake mwenyewe. Lilikuwa tupu na bado linachuruzika. Kitako chake kilikuwa na tope bichi, tope jeusi la Kitungwini, ambalo angelijua hata akiwa kipofu.

Hudhaifa alikuwa pembeni amebeba sinia la vikombe. Viatu vyake vilikuwa na tope lile lile. Alimtazama tu, kisha akaingia ukumbini.

"Kijana wako keshapiga bismillahi," Siti akanong'ona. "Kaja hapa alfajiri kaloa kama bata."

Mkurugenzi wa mradi alikuwa jukwaani anaeleza mafanikio. Akapiga funda la chai. Uso ukamkunjamana, akaitema kwenye leso. Meza ya mbele nzima ikawa inatema.

"Chai gani hii? Nani kaitia chumvi?"

Hudhaifa akashika kipaza sauti.

"Hajaitia mtu, mheshimiwa. Ni maji ya kisima cha Kitungwini. Kitabu chenu, ukurasa wa kumi na nne, kinasema ni matamu. Na hii hapa ni ile taarifa yangu mliyoiweka kabatini: urefu wa ukuta uliojengwa, mita sifuri."

Kipaza sauti kikakatwa. Kukawa na zogo. Ndipo Kazija akatembea mpaka mbele, matusi yote aliyoyapanga yamempotea, limebaki neno moja.

"Mnayatema kwa nini?" akauliza. "Siye tunayapikia watoto uji. Himilini!"

Wakatolewa wote wawili kwa mlango wa nyuma. Wakasimama juani, karibu na mapipa ya taka.

"Wamekufukuza?"

"Barua inaandikwa."

"Kwa hiyo kazi huna."

"Sina."

"Na mie shamba sina."

"Tunalingana," Hudhaifa akasema. "Kazija, nilikuwa mwoga. Nisamehe."

Kazija akainama, akamkwangua tope kiatuni kwa kijiti, kama mama anayemsafisha mtoto kabla ya wageni.

"Lete watu kwa baba. Na siku hiyo asitoke mtu akanambia nihimili. Atakayelisema, posa ife pale pale."

"Wazee wa Konde nitawafunga midomo."

"Na kalenda uichome."

"Zote?"

"Zote, muhibu wangu."

Walioana mwezi wa Mfunguo Mosi, baada ya Ramadhani, nyumbani kwa Mzee Nyange. Hudhaifa alifukuzwa kazi. Sasa ana mashine ya fotokopi Mtambile na anawaandikia watu barua za malalamiko. Mkurugenzi alihamishiwa mradi mwengine, mkubwa zaidi. Siti hakuitwa tena kupika semina. Jecha na wenzake walichimba tuta kwa majembe, bahari ikalivunja mara mbili, wakalichimba mara ya tatu. Kalenda ya mwaka uliofuata ilikuwa na picha ya msichana wa Makoongwe. Mpunga haukurudi. Miezi mitano baada ya harusi Kazija alikwenda Oman kwa mkataba wa miaka miwili, na Hudhaifa alimsindikiza mpaka gatini Mkoani, akambebea sanduku. Anampigia kila siku baada ya Magharibi. Mawe ya ukuta yako pale pale, gari kumi na moja.