Jembe la Mkono wa Kushoto

Kila alasiri akitoka shule, Sindano alivua sare, akala, akaenda kumsaidia babu yake kupalilia mahindi. Siku hiyo alipitiliza hadi kwa mhunzi. Alikuwa na jembe lililoliwa na kutu, amelifunga kwenye gunia.

Mwalimu wa historia alitaka kila mwanafunzi alete kitu cha kale na aandike alikokipata. Sindano alikuwa amelifukua jembe hilo kwenye mahame ng'ambo ya mtaro, makazi yaliyohamwa zamani, ambako watoto walikatazwa kukanyaga. Kwa kuogopa adhabu aliandika: "Shambani kwa babu." Mwalimu akamtuma kwa mhunzi akaulize umri wa jembe.

Mhunzi aliligeuzageuza mwangani. "Halina mhuri wa kiwanda. Hizi alama ni za nyundo, na huu msuka, huu mkia wake mwembamba, ulichomekwa kwenye mpini. Limefuliwa kwa mkono kabla sijazaliwa. Lakini kiraka ni cha baba yangu. Misumari mitatu, vichwa bapa. Aliacha kuziba hivyo tulipopata mashine ya kuchomelea. Kwa hiyo miaka arobaini iliyopita lilikuwa bado linalima."

"Kumbe lina vyeti viwili vya kuzaliwa!" Sindano akatania.

Mhunzi hakucheka. Alikuwa anapapasa makali. Kona moja ilikuwa imelika, nyingine nzima.

"Huyu alilimia mkono wa kushoto," alisema polepole. "Baba alikuwa na mteja mmoja tu wa hivyo. Ni mama wa yule fundi cherehani wa hapa kijijini. Alitoka asubuhi na jembe lake, hakuonekana tena. Hebu sema, limetoka wapi?"

"Shambani kwa babu," mdomo ukajibu wenyewe.

Kesho yake fundi cherehani, aliyekwishaambiwa na mhunzi, alisimama ukingoni mwa shamba la babu asubuhi nzima, akimkazia macho babu.

"Karibu, mwanangu," babu alimwambia.

Aligeuka akaondoka. Siku iliyofuata alikuja na kaka zake watatu na sepetu. Mahindi yaling'olewa mstari kwa mstari. Babu aliingia ndani, akaketi kitandani.

"Wananiona muuaji, mjukuu wangu. Na mimi nilimtafuta mama yao pamoja nao wiki nzima."

Kila sepetu ilipopiga ardhi, Sindano alihisi kuna mtu anaita kutoka mbali, mahali ambapo hakuna anayesikiliza. Akatoka mbio.

"Shangazi, acheni! Nilidanganya. Nililitoa mahame, kwenye lile rundo la mawe!"

Kaka mkubwa aliacha sepetu ianguke. "Pale palikuwa na kisima," alisema.

Kisima kilikuwa kimeporomoka zamani. Walichimba hadi jua likapoa. Kisha wakaweka sepetu chini. Fundi cherehani alivua mtandio wake, akafunika mifupa iliyokuwa chini ya mawe, akaita mara moja tu, kwa sauti ya mtoto: "Mama."

Baada ya mazishi alikuja kwa babu, akapiga magoti, akaomba radhi. Babu alimwinua. Kisha akamgeukia Sindano.

"Kwenda mahame ulikosa, na adhabu yako ipo. Lakini sikiliza. Mhunzi anaweza kukisoma chuma akajua umri wake. Lakini kilikolala anakujua yule tu aliyekiokota. Ukidanganya hapo, unamzika mtu mara ya pili, na unamchimbia shimo mwingine aliye hai."