Safari Huhesabiwa Kuanzia Mlangoni

Kwa maneno ya Maganga, jirani yao pale Runzewe, yeye aliwahi kunywa chai Mwanza asubuhi, na mchana wa siku hiyohiyo akala wali Dubai.

"Dar hadi Dubai ni saa tano na nusu tu," alisema, akimenya muhogo wa watu bila kukaribishwa. "Ni kama kwenda Mwanza kwa basi. Mama Juliana, dawa zako tia kwenye begi kubwa. Utajichoma sindano ukifika."

Vumilia alimtazama mama yake. Dada yake Juliana alikuwa amejifungua huko Dubai, na mama alikuwa anakwenda kumhudumia mzazi na mtoto. Tiketi ilishakatwa. Lakini mama ana kisukari. Akikosa sindano au chakula kwa wakati, huanguka.

Kesho yake Vumilia akampeleka kituo cha afya, kwa nesi Agnetha.

"Shikamoo, Mama Juliana."

"Marahaba, mwanangu. Nasafiri. Ni saa tano na nusu tu."

Agnetha akacheka. "Hizo ni za angani, mama. Ndege inakata karibu kilomita elfu nne. Sasa tuanzie mlangoni kwako. Basi hadi Mwanza?"

"Kama saa tano," Vumilia akajibu.

"Haya. Uwanja wa ndege si stendi, ukafika ukapanda. Unasubiri. Mwanza hadi Dar, saa moja na nusu. Dar unasubiri tena, saa tatu au zaidi. Ndipo zije hizo tano na nusu. Ukishuka, kuna foleni ya pasipoti."

Vumilia alihesabu kwa vidole mpaka vikamwishia.

"Mayu wane, mama yangu!" mama akashika kifua. "Si nitafia njiani?"

"Hufi, mama. Dawa na chakula viweke kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na barua ya daktari. Kwenye mizigo ya chini dawa inaweza kuganda kwa baridi ikaharibika. Halafu, Dubai wako mbele yetu kwa saa moja. Saa yako ya mkononi usiiguse, ibaki na saa za hapa. Daktari atakupangia muda wa sindano kabla hujaondoka."

Waliporudi nyumbani wakafungua begi upya. Begi kubwa likabaki na nguo na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya mzazi. Mkoba ukabeba dawa, mkate na pipi za kula sukari ikishuka.

Mama alipofika, akapiga simu.

"Nimefika salama! Begi kubwa limechelewa, wanasema litakuja kesho. Lakini sindano nilijichoma kwa wakati, na mkate nikala. Mjukuu ana pua ya baba yake, maskini! Maganga yupo hapo?"

"Yupo. Anakula muhogo."

"Weka sauti kubwa anisikie."

Vumilia akaongeza sauti ya simu, akaisogeza karibu na jirani.

"Maganga baba, ile siku uliyokula wali Dubai mchana, ulipita njia gani? Nielekeze, na mimi nirudi nayo."

Maganga akachukua muhogo mwingine, akaanza kuumenya polepole.