Binti wa Mwalimu Nyirenda

Kila asubuhi Temwa Nyirenda na baba yake walitoka pamoja katika chumba chao cha kupanga kule Kawangware. Walipita penye vibanda vya mandazi, wakafika Dagoretti Corner, kisha wakaishika Barabara ya Ngong kuelekea shuleni. Baba alitembea upande wa magari ili binti yake awe upande salama. Njia nzima walizungumza Kitumbuka, lugha ya kwao Mzuzu, kaskazini mwa Malawi. Huko barabarani, kwa muda huo mfupi, Temwa alisahau kwamba yuko ugenini.

Lakini walipokaribia Adams Arcade, alianza kujikokota. Aliinama kana kwamba anafunga kamba za kiatu.

"Tangulia, Adada," alisema. Hivyo ndivyo Watumbuka wanavyomwita baba. "Mimi nitakuja."

Baba alimtazama kidogo, kisha akatangulia. Temwa alingoja mpaka koti la kahawia la baba yake likapotea nyuma ya maduka, ndipo akainuka. Kwa njia hiyo, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuwaona wakiingia pamoja.

Walikuwa wamehamia Nairobi mwishoni mwa Aprili. Baba alikuwa amefundisha Kiingereza Mzuzu kwa miaka mingi, na sasa alikuwa amepata kazi katika shule moja ya kibinafsi jijini. Mwalimu mkuu alikubali Temwa asome hapohapo, katika Gredi ya Saba. Mama na mdogo wake Temwa walibaki nyumbani mpaka baba atakapopata makao ya kutosha familia nzima.

"Usiogope," baba alimwambia ndani ya basi la kuja Nairobi. "Kiingereza ni kilekile kila mahali."

Haikuwa hivyo. Siku ya kwanza darasani, baba alisimama wima, akawaamkia wanafunzi kwa sauti ya furaha. Ulimi wake wa Kitumbuka ukaigeuza 'r' kuwa 'l', kama ilivyo kwa watu wengi wa kwao. Kihara, mcheshi wa darasa, akarudia chini kwa chini: "Gudi moling!" Darasa zima likaangua kicheko. Baba alitabasamu, akageukia ubao, akaanza kuandika.

Temwa naye alicheka. Hakujua kwa nini. Alijikuta tu anacheka pamoja na wengine, kwa sauti, mkono mdomoni.

Wakati wa mapumziko, Ivyne, msichana aliyeketi naye dawati moja, alimgeukia.

"Niaje, Temwa. Huyu mwalimu mpya anatoka kwenu, si ndiyo? Na mnaitwa jina moja. Ni babako?"

"Hapana!" Temwa alijibu upesi. "Kwetu akina Nyirenda ni wengi kama akina Wainaina huku."

Uongo huo ulitoka mdomoni kwa urahisi zaidi kuliko alivyodhani. Jioni, baba alipokuwa akisonga ugali, Temwa alijaribu kuutafutia mahali pa kukaa.

"Adada, tafadhali usimwambie mtu shuleni kwamba mimi ni mwanao. Watasema unanipendelea."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. "Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Haya, mwanangu," baba alisema, akaendelea kusonga. "Kama litakusaidia kutulia, na liwe hivyo."

Temwa hakutulia. Kiswahili alichokuwa akijifunza vitabuni hakikufanana na kile cha uwanjani, kilichochanganyika na Sheng na kwenda mbio. Wenzake walipotaniana, yeye alicheka wakati wao wamekwisha kucheka. Ivyne alikuwa msichana mwema, na mara kwa mara alimwalika kwao Jumamosi, lakini Temwa alikataa. Akienda kwao, itabidi naye amkaribishe Kawangware, na huko ataonekana nani akifungua mlango? Kwa hiyo kila mwaliko ulikuwa na kisingizio chake, na mialiko ikaanza kupungua.

Saa ya chakula cha mchana alikula peke yake karibu na mfereji. Kutoka hapo aliweza kuona dirisha la chumba cha walimu. Baba yake aliketi ndani, kwenye meza ya pembeni, mkono mmoja ukishika kijiko na mwingine ukisahihisha insha. Walimu wengine walipiga gumzo upande wa pili. Watu wawili wa nyumba moja, kila mmoja na sahani yake, na ukuta katikati.

Mama alipopiga simu kuuliza, "Mmezoea?" wote wawili walijibu, "Tumezoea."

Julai iliingia na baridi yake. Mawingu yalitanda juu ya jiji tangu asubuhi mpaka jioni, na baba akaanza kukohoa. Blanketi zito alikuwa amempa Temwa, yeye akajifunika shuka na koti lake. Kikohozi kilishuka kifuani, kikawa kinamkata maneno.

"Adada, nenda hospitali," Temwa alimsihi.

"Ni baridi tu. Bado niko katika kipindi cha majaribio kazini. Nikilala kitandani, watatafuta mwalimu mwingine." Alikunywa chai ya tangawizi, akavaa viatu, wakaondoka.

Siku moja katika kipindi cha Kiingereza, baba alikuwa akiwasomea ufahamu. Alisoma sentensi moja, akapumua kwa shida, akasoma nyingine nusu. Kihara akachokoza kwa sauti ya pua, na wawili watatu wakacheka. Kitabu kikaanguka. Baba alinyoosha mkono kulishika dawati la mbele, akalikosa, akaporomoka sakafuni.

Neno "Adada" lilimpanda Temwa kooni. Akalimeza.

Wanafunzi walipiga kelele. Mwalimu Odero wa Sayansi alikuja mbio kutoka darasa la jirani. Alimwinua mwenzake kwa msaada wa dereva wa shule, wakamtia garini na kuelekea hospitali moja kule Upper Hill. Mwalimu mkuu, ambaye peke yake ndiye aliyejua ukweli wa Temwa, alikuwa safarini siku hiyo. Gari lilitoka nje ya lango, na Temwa akabaki ameketi, mikono imeganda juu ya dawati.

Bi. Mwihaki, mwalimu wao wa darasa, aliingia kuwatuliza. Macho yake yalimwangukia Temwa.

"Temwa, wewe na Mwalimu Nyirenda mnatoka nchi moja. Unajua jamaa yake yeyote hapa?"

Darasa zima liligeuka kumtazama. Kihara naye alimtazama.

"Hapana, Mwalimu," Temwa alisema. "Simjui sana."

Bi. Mwihaki aliitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kupiga simu. Kipindi cha Hisabati kilianza. Temwa aliziona tarakimu ubaoni zikiogelea. Alikumbuka hospitali nyingine, ile ya Mzuzu, alipokuwa mdogo. Baba alikuwa amechomwa sindano ya penisilini. Muda si muda uso wake ulivimba, midomo ikawa minene, pumzi ikamkatika, na wauguzi wakakimbia huku na huku kumwokoa. Tangu siku hiyo mama alikuwa akimwambia kila daktari: mwili wa mtu huyu unaikataa dawa hiyo, ina hatari kwake. Sasa mama alikuwa Mzuzu. Nani angemwambia daktari?

Ivyne alimnong'oneza, machozi yakimlengalenga. "Pole yake. Mtu mgonjwa hivyo, na hana hata mtu wake hapa Nairobi."

Temwa alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake, naye hakukiokota. Alitoka mbio bila ruhusa, akapita ukumbini, akamkuta Bi. Mwihaki penye mlango wa ofisi, simu sikioni.

"Mwalimu, ni baba yangu!" alilia. "Nilidanganya. Ni baba yangu mzazi. Wasimpe penisilini, tafadhali waambie wasimpe!"

Bi. Mwihaki hakuuliza swali hata moja. "Odero, umesikia?" alisema simuni. "Binti yake yuko hapa. Baba ana mzio wa penisilini. Mwambie daktari sasa hivi."

Simuni walisikia nyayo za Mwalimu Odero zikikimbia sakafuni, kisha sauti za watu. Hatimaye akarudi, akihema.

"Muuguzi alikuwa anaitayarisha," alisema. "Walimwuliza mgonjwa, lakini homa imempanda, anajibu kwa lugha ambayo hakuna anayeielewa. Dawa wameibadilisha. Mlete mtoto."

Alipofika hospitalini, Temwa alimkuta baba amelala na mpira wa hewa puani. Daktari alieleza kwamba ni kichomi, na kwamba kilikuwa kimeachwa kikakua. Angekuja mapema, angepewa dawa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Sasa ingebidi alazwe, na Bi. Mwihaki akamchukua Temwa alale kwake siku hizo.

Baba alifungua macho kesho yake, akili zikiwa zimemrudia. Mwalimu Odero alikuwa ameketi kando ya kitanda. Temwa alipiga magoti, akaushika mkono wa baba yake.

"Adada, nisamehe. Nilikukana. Sababu haikuwa kupendelewa. Niliona haya kwa sababu walikucheka. Na hata mimi..."

"Najua," baba alisema taratibu. "Nilikusikia siku ile ya kwanza. Kicheko chako nimekisikia tangu ukiwa mchanga, siwezi kukipoteza katikati ya vicheko vya watu."

Temwa alificha uso katika shuka, akalia kwa kwikwi. Muda wote huo baba alikuwa anajua. Kila asubuhi alikuwa amemtangulia huku akijua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona tayari una mzigo wa ugeni. Sikutaka kukuongezea mwingine." Alikohoa kidogo. "Lakini na mimi nimesema uongo wangu. Nilisema ni baridi tu, huku kifua kinawaka moto. Mama yako tulimwambia tumezoea. Tumekuwa nyumba ya waongo wawili, Temwa."

Mwalimu Odero alisogeza kiti karibu. "Na mimi nina langu," alisema. "Umekula peke yako miezi yote hii, Nyirenda, na sisi tupo pale. Nilidhani wewe ni mtu wa kupenda upweke. Sikuuliza."

Shuleni, mambo hayakutengemaa kwa siku moja. Ivyne hakumsemesha Temwa. Alihamisha vitabu vyake mpaka ukingoni mwa dawati, na alipoulizwa, alisema, "Ulinidanganya usoni." Temwa hakujitetea. Alisema, "Ni kweli. Ungekuwa wewe, mimi pia ningekasirika." Kihara alizunguka-zunguka penye dawati lao, hatimaye akasema, macho chini, kwamba hakujua mwalimu alikuwa mgonjwa. "Hata angekuwa mzima," Temwa alimjibu, "ni vibaya." Kihara aliitikia, akaenda zake.

Jumamosi baba aliporuhusiwa kutoka hospitalini, Mwalimu Odero aliwapeleka Kawangware kwa gari lake. Kabla hawajamaliza kumwandalia baba kitanda, mlango ulibishwa. Alikuwa Ivyne, aliyeelekezwa njia na Bi. Mwihaki, akiwa na mama yake, Mama Mercyline, aliyebeba chupa ya uji wa wimbi na blanketi jipya.

"Hodi hapa! Pole sana, Mwalimu," Mama Mercyline alisema. "Huyu wangu amenuna wiki nzima. Nikamwambia, kama umekasirika, twende ukamkasirikie mwenzako kwao, si mbali hivyo."

Ivyne na Temwa walitazamana. Ivyne ndiye aliyecheka kwanza, akamsogelea na kumsaidia kutafuta vikombe. Vilikuwa viwili tu. Wakanywa kwa zamu.

Mwalimu Odero alipewa uji, akanywa, akafuta mdomo. "Temwa, nikuambie jambo. Nilipokuja Nairobi kusoma, nikitoka Ugenya, kwetu Waluo, nilikuwa nasema 'sule' na 'samba' badala ya 'shule' na 'shamba'. Walinicheka mpaka nikaacha kunyoosha mkono darasani. Huyu Kihara wenu, nyanya yake akisema Kiingereza, 'l' na 'r' zinabadilishana viti. Kila ulimi una kwao. Si aibu kuwa na kwenu."

Aliweka kikombe chini. "Aibu ni kumkana mtu wako ili wengine wakupende. Ona faida uliyopata. Hukupata marafiki, ukampoteza na uliyekuwa naye. Uongo ulifungia nje watu wote ambao wangeweza kukusaidia, nusura umfungie nje hata daktari. Mtu mgeni anahitaji majirani, na jirani hawezi kukufaa kama humwambii kweli: mimi ni nani, naumwa wapi, huyu ni nani wangu. Hilo ni lako wewe, na ni la baba yako pia, na kifua chake."

"Nimesikia, Mwalimu," baba alisema kutoka kitandani, na wote wakacheka.

Mama Mercyline alisimama kuaga. Alifunga leso yake vizuri kiunoni. "Ukipata nguvu, Mwalimu, Jumapili moja mje mle kwetu. Nitapika samaki. Nitegemee watu wangapi?"

Baba aliinuka kidogo kwenye mto. Sauti yake ilikuwa bado dhaifu, lakini kila mtu chumbani aliisikia.

"Tutakuja wawili," alisema. "Mimi na binti yangu."