Harufu ya Stroberi Kwenye Shati la Swabir

"Huyu mwanamke anayenukia stroberi ni nani, Swabir?"

Twaiba alikuwa amesimama mlangoni, shati la mumewe mkononi. Swabir ndiyo kwanza arudi Msambweni kutoka Diani, ambako hutengeneza viyoyozi vya hoteli. Hata viatu hajavua.

"Mwanamke gani tena, mke wangu?"

"Nusa mwenyewe."

"Ah, hiyo ni sabuni ya hotelini."

"Sabuni ya juzi ilinukia embe. Ya leo stroberi. Hiyo ni hoteli au duka la matunda?"

Swabir akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Akatoka uani kukohoa, simu akaiacha mezani. Twaiba hakuwa mtu wa kupekua simu, lakini ujumbe ulijitokeza wenyewe kwenye kioo:

"Niaje Swabir, ile tamu yako imefika. Kam kesho kabla iishe. Beryl."

Akavitazama vidole vyake. Hina ya arusi, aliona, haijamtoka vyema kuchani, na mume keshapata mwingine wa kumwita.

Picha ya huyo Beryl kando ya ujumbe ilimwonyesha amesimama mbele ya duka, jina la duka na neno Ukunda juu ya kichwa chake. Asubuhi Twaiba aliacha cherehani yake, akavaa buibui, akapanda gari la Ukunda. Hakupata tabu kulifikia. Lilikuwa duka la vioo na taa za rangi, na nyuma ya kaunta msichana wa bara aliyesuka rasta.

"Wewe ndiwe Beryl?"

"Ndio mimi. Karibu mrembo, unataka ladha gani?"

"Nataka mume wangu."

"Ati?"

"Swabir. Yule unayemwita aje achukue tamu yake."

Beryl alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko. Akatoa kisanduku kwenye rafu, na ndani yake kitu kama kalamu nene, cha rangi ya waridi.

"Siz, tamu yenyewe ndiyo hii! Ni vepu, sigara ya kuchaji, moshi wake hunukia matunda. Mumeo ni kastoma tu, hata kwake sipajui."

Twaiba aliketi kwenye kiti cha wateja akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alhamdulillahi. Si mwanamke.

Jioni Swabir alisema yote.

"Baba yako alikataa kunioza kwa sababu ya sigara. Nikaziacha, Wallahi niliziacha. Nikaambiwa hii ni mvuke tu, haina neno."

"Mbona ukanificha?"

"Niliona haya. Nilidhani nitaiacha kabla hujajua."

"Ingekuwa mke mwenza ningelia. Hii vuta, bora usinifiche tena."

Ndivyo alivyosema, kwa mapenzi yake yote. Swabir akavuta hadharani, sebuleni, kitandani, hata akitoka kuswali. Miezi ikipita alikonda. Akipanda ngazi mbili alisimama kushika ukuta. Ikafika adhuhuri moja, simu ikapigwa na mwenzake wa kazi.

"Shemeji, njoo hospitali upesi. Swabir ameanguka. Pumzi haipandi."

Alimkuta amefunikwa pua na mdomo kwa kinyago cha hewa, macho yamemtoka. Daktari akamwita Twaiba kando.

"Dada, mumeo anavuta nini?"

"Sigara ya kuchaji. Ile ya mvuke."

"Ndani yake mna nini?"

"Sijui, daktari."

"Hata mimi sijui, na hapo ndipo penye taabu. Mapafu yamevimba, mengine yamekwisha fanya kovu. Nitampa hewa na dawa ya uvimbe. Akijaaliwa kutoka, asiiguse tena."

Twaiba alirudi kwa Beryl, safari hii bila hasira. Alikigeuza kisanduku pande zote. Kulikuwa na picha ya tunda na maneno ya kigeni.

"Beryl, mna nini humu?"

"Siz, mimi huletewa boksi, nauza."

"Nani hukagua?"

"Hajawahi kuja mtu." Sauti ya Beryl ikashuka. "Na mimi pia navuta, siz. Kila siku."

Kutoka hapo Twaiba akaenda ofisi ya afya ya serikali, na afisa alimsikiliza vizuri, akamkaribisha kwa maji.

"Sigara za moto sheria yake naijua kwa moyo, dada. Hizi za kuchaji, mswada bado wajadiliwa. Nikizichukua leo, kesho nitaambiwa nizirudishe."

"Basi nifanye nini?"

Afisa alitazama mikono yake. "Mwombee mumeo aache."

Swabir aliruhusiwa kurudi nyumbani. Alijitahidi. Alitafuna karafuu, alikunywa maji, alisali huku akitetemeka. Alasiri moja akamshika mkewe mkono.

"Twaiba, nifungie chumbani kwa nje. Nikikuomba ufungue, usifungue."

Twaiba akafunga, akakaa kizingitini. Halafu:

"Twaiba, fungua."

"Ulisema nisifungue."

"Aliyesema si mimi huyu. Fungua, kichwa chaniuma!"

Twaiba akauma ushungi wake, machozi yakimtiririka. Mara boda boda ikasimama ugani. Alikuwa Fondo, dereva wanayemfahamu.

"Asalaam aleikum, dada. Mzigo wa Swabir kutoka Ukunda. Kanipigia yeye mwenyewe, akanihimiza."

Twaiba akaugeukia mlango. Ndani kikasikika kilio cha mtu mzima.

"Nisamehe, mke wangu. Simu nilikuwa nayo."

"Rudi nao, Fondo."

"Lakini kaniambia nimpe mkononi."

"Rudi nao, nakuomba kwa haki ya Mungu."

Fondo akaondoka akitikisa kichwa. Twaiba akafungua. Swabir alikuwa sakafuni, ameegemea kitanda, akimnyooshea simu.

"Chukua. Nifutie namba ya Beryl."

"Umeihifadhi kichwani, Swabir."

Hakukana. Twaiba akaketi kando yake, akamlaza kichwa mapajani. Kifua kilikuwa kikipiga mluzi kila akivuta pumzi, naye akaweka kiganja juu yake, kana kwamba kiganja kingeweza kuuzuia.

"Kesho je, Twaiba?"

"Sijui, mume wangu," akasema, akimpangusa jasho. "Wallahi sijui."