Mama Anazungumza kwa Shida

Shuleni waliniita Kamusi, na jina hilo nililipenda kupita kiasi. Kila asubuhi, wakati Bibi akitia mafuta cherehani yake kabla ya kuanza kushona sare za watu, mimi nilisimama mlangoni na daftari langu nikikariri maneno ya Kiingereza. Neno upande wa kushoto, maana yake ya Kiswahili upande wa kulia. Neno moja, maana moja, basi. Nilikuwa kidato cha pili na daftari lilikuwa na maneno mia sita na ushee. Darasani mtu akikwama hakumwuliza mwalimu, alinigeukia mimi.

Ajabu ni kwamba kwenye ufahamu nilipata alama za kutia aibu.

"Kamusi, maneno unayajua, habari huijui," mwalimu wetu wa Kiingereza aliniambia siku moja. Nikaona ananionea tu.

Daftari lile nililianza wiki ile Mama alipoondoka. Alikwenda nchi ya mbali kumtunza bibi kizee asiyeweza kutembea, na huko walizungumza Kiingereza tangu asubuhi mpaka jioni. Nikajiambia kwamba kila neno nitakalolijua ni neno ambalo Mama naye analisikia. Ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi saba. Nilitamani kumwona Mama hadi kifua kikaniuma. Mara nyingine nilifungua kabati lake nikavuta harufu ya nguo zake, na harufu yenyewe ilikuwa imeanza kwisha. Alipiga simu Jumapili tu, siku yake ya mapumziko; siku nyingine hakupatikana. Jumapili iliyopita mtandao ulikuwa mbovu, sauti yake ikakatikakatika, na kabla hatujaagana simu ikakatika.

Jumatatu kikafika kifurushi chake. Ndani mlikuwa na soksi zangu, sabuni, na sweta la Bibi. Katikati ya sweta tukakuta kadi iliyoandikwa kwa mwandiko wa kutetemeka, si mwandiko wa Mama. Ilitoka kwa yule bibi kizee.

"Haya, Kamusi wetu, tusomee," Mjomba akasema. Mjomba ni fundi wa kuchomelea vyuma, na Kiingereza chake kinaishia kwenye makopo ya rangi.

Sentensi ya kwanza ilisema: "Your mother hardly speaks of anything but you."

Sikuwa na neno hata moja nisilolijua hapo. "Hardly" lilikuwa ukurasa wa tisa wa daftari langu: kwa shida. "But" lilikuwa ukurasa wa kwanza: lakini. Nikayapanga maneno kama yalivyo. Mama yako kwa shida anazungumza kitu chochote, lakini wewe. Nikakumbuka ile sauti ya Jumapili iliyokatikakatika.

"Inasemaje?" Bibi akauliza.

"Mama anaumwa," nikasema. "Anazungumza kwa shida."

Kadi ilikuwa na mistari mingine minane. Sikuisoma. Machozi yalinizuia, ni kweli, lakini ukweli mwingine ni kwamba mstari wa pili ulikuwa na maneno mawili nisiyoyajua, na sikutaka Mjomba aone Kamusi amekwama. Nikaifunga kadi nikaitia mfukoni.

Nyumba ikabadilika. Cherehani ya Bibi haikulia siku tatu. Jumatano, tukiwa tunakula, Bibi akamwambia Mjomba, "Ijumaa asubuhi nenda kwenye ile ofisi iliyompeleka. Waambie wanirudishie mwanangu."

"Mama, akivunja mkataba hawamchukui tena," Mjomba akasema. "Na shule ya huyu je? Na dawa zako?"

"Tutakula tutakachopata. Mwanangu hawezi kuugulia ugenini peke yake."

Mjomba akanyamaza, na mtu akinyamaza mbele ya Bibi maana yake amekubali. Mimi niliinamia sahani. Niliogopa, jamani, niliogopa sana. Lakini chini ya hofu hiyo kulikuwa na furaha niliyoionea haya, kwa sababu Mama alikuwa anarudi.

Alhamisi tukafanya zoezi la ufahamu. Kifungu kilimhusu mlinda mnara aliyeishi peke yake, na ndani yake kulikuwa na maneno haya: "He hardly ate anything but bread." Swali likauliza mtu huyo alikuwa na hali gani. Mimi nikaandika kwamba alikuwa na ugonjwa wa koo.

Mwalimu alisoma jibu langu mara mbili. "Koo umelitoa wapi?"

"Alikula kwa shida, mwalimu."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Akavuta kiti akaketi karibu na dawati langu.

"Usiniambie neno moja moja. Soma mpaka kwenye nukta, halafu uniambie alikula nini."

"Mkate."

"Na nyama? Na mboga?"

Nikaisoma tena. "Haionyeshi kama alikula."

"Kwa sababu hakula. Hapa 'hardly anything' ni sawa na kusema karibu hakuna kitu. Na hilo 'but' si lakini. Hapa ni isipokuwa. Haya, unganisha."

"Karibu hakula kitu chochote isipokuwa mkate," nikasema polepole.

"Umeona? Haumwi koo wala nini. Ni maskini, au ameshazoea mkate wake."

Sikumsikia tena. Nilikuwa naunganisha sentensi nyingine, ile iliyokuwa mfukoni mwangu. Mama yako karibu hazungumzii kitu chochote isipokuwa wewe.

Mama haumwi. Nilitaka kupiga mbio mpaka nyumbani, lakini nilipofika barabarani miguu ikawa mizito. Nikinyamaza mpaka kesho saa nne, Mjomba atakuwa ameshafika ofisini na Mama atarudi. Nani angejua? Ningesema tu kwamba Kiingereza ni kigumu. Nikaitembea njia ile ya dakika kumi kwa nusu saa nzima.

Nilimkuta Bibi akitandika kitanda cha Mama. Alikuwa ametoa shuka jipya, na alikuwa akilia kimya kimya huku akilinyoosha. Machozi yale mimi ndiye niliyeyaleta.

"Bibi, nilikosea," nikasema. "Mama haumwi. Nilisoma vibaya. Nimejua leo darasani, na njiani nilitaka nisikwambie ili arudi."

Bibi akaketi kitandani.

"Nisomee yote," akasema.

Nikachukua kamusi niliyoazima shuleni, nikaisoma kadi yote, polepole, mpaka nukta ya mwisho. Yule bibi kizee aliandika kwamba anajua ninalala nimejifunika kichwa. Anajua nilipoteza jino la mbele kwa kukimbilia kengele. Anajua sipendi maziwa yenye utando. Aliandika kwamba Mama husimulia haya kila siku akimchana nywele, na kila siku anayasimulia upya. Mwishoni aliandika, "Nisamehe kwa kumwazima mama yako. Miezi mitano ikiisha nitamrudisha."

Bibi akajifuta macho kwa upindo wa shuka. Akamwita Mjomba dirishani akamwambia kesho aende kazini kwake kama kawaida. Kisha akanigeukia.

"Mjukuu wangu, ulimkata kauli yule bibi wa kadi. Alisema neno moja, wewe ukarukia la kwako. Mtu akikuandikia anazungumza nawe, mwache amalize. Na usipoelewa sema hujaelewa, haikupunguzii kitu. Umeiliza nyumba nzima siku tatu kwa sababu ya kuona aibu kuuliza."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe, kwa sababu umesema kweli na wewe ndiye unayeumia nayo." Akapapasa kitanda nikae karibu yake. "Sasa niambie kuhusu mama yako. Sema yote, nami sitakukata."

Nikasema. Nilianza na harufu ya nguo kabatini, nikasema mpaka chumba kikaanza kuwa na giza, na Bibi hakunikata hata mara moja.