Mguu wa Mama Ulipovimba

Kasuku alipotoka shuleni, alivua viatu mlangoni, akaketi kando ya cherehani na kuanza kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye sare alizoshona mama yake. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu hakujua kunyamaza. Mama alikuwa ametolewa plasta mguuni majuzi tu, baada ya mguu huo kuvunjika, lakini hakutaka kutembea. Alishinda kitini akishona.

"Mama, mguu wako umevimba," Kasuku alisema. Aliugusa, akahisi joto. "Shangazi anajua?"

"Ni uchovu tu. Usimwambie shangazi yako, ataniambia niache kazi. Leo hebu funga mdomo, mwanangu."

Kasuku akafunga mdomo. Kesho yake mguu ulikuwa mnene zaidi, naye hakusema.

Jioni mama alisimama kuchukua mkasi, akashika kifua. Alihema kama mtu aliyekimbia mbali, midomo ikabadilika rangi. Kasuku alimwita shangazi, aliyeishi nyumba ya pili, kwa sauti iliyokwaruza koo, wakampakia kwenye gari la jirani.

Hospitalini mama alifunikwa barakoa ya hewa. Kasuku aliketi sakafuni kwenye korido, akikataa maji, akikataa kushikwa. Akilini alikuwa ameshamzika mama, na aliyemuua ni yeye.

Daktari alichuchumaa mbele yake. "Ukijikata kidole, damu huacha kutoka. Unajua kwa nini?"

Kasuku alitikisa kichwa.

"Chembe ndogo za damu hushikana penye jeraha, kisha nyuzi nyembamba huzifunga pamoja. Hilo ndilo donge. Likitosha, mwili hulizuia lisizidi kukua, na damu inayopita kwa kasi husaidia. Lakini mguu usiotembea, damu yake huenda polepole. Kwa mama yako, donge limeota ndani ya mshipa wa mguu, likaendelea kukua. Kipande kimechomoka, kikakwama kwenye mapafu."

"Dawa italiyeyusha?"

"Dawa aliyopewa inalizuia tu lisikue. Kuliyeyusha ni kazi ya mwili wenyewe, tena taratibu."

"Na mwili ukishindwa?"

Daktari aliinuka. "Tumsubiri," alisema.

Walisubiri. Shangazi alilia kimyakimya, Kasuku hata machozi hakuwa nayo. Siku zilipita mama akiwa hawezi kumaliza sentensi moja bila kupumzika.

Hatimaye barakoa ilitolewa. Mama alikuwa amekonda, sauti yake ndogo. Kasuku alisimama mbali na kitanda.

"Nisamehe, Mama. Ningesema..."

"Njoo hapa. Ulisema, nikakunyamazisha. Niliogopa kupumzishwa kuliko nilivyoogopa ugonjwa. Kosa ni langu." Alivuta pumzi. "Ukiona mtu anaumwa, mwambie mtu mzima atakayesaidia. Hata mgonjwa akikukataza. Hata akiwa mimi."

Kasuku alifuta uso kwa mkono wa sare yake, akampa mama bega. "Basi inuka," alisema. "Daktari anataka utembee."